Ukurasa wa Arobaini na Saba

Ghorofa ya nne, Mtaa wa Wólczańska, lifti imekufa tangu Machi.
Nimepanda nimekumbatia sanduku la ndizi lisilo na ndizi:
kaseti thelathini na moja, jiostiki iliyovunjika shingo,
Atari yenye rangi ya meno ya mvuta sigara,
na kitabu cha maelekezo kilichofungwa kwa kamba ya kiatu.

Jagna haniulizi tena. Anasogeza viatu vyake ukutani
kama mtu anayempisha mgeni asiyealikwa
ambaye hata hivyo atakula.

Kitabu hiki hakikuwahi kuona kiwanda cha uchapaji.
Mtu fulani alikitafsiri usiku, miaka ile ya foleni za sukari,
akakipiga taipu, karatasi nne, kaboni tatu katikati.
Yangu ni nakala ya nne, ya chini kabisa:
maneno yanasikika kama ya jirani nyuma ya ukuta.
Taipu ilikuwa ya ugenini, haikuijua ł ya kwetu.
Akapiga l, kisha akaikata kiuno kwa wino,
moja moja, kurasa tisini na mbili.
Simjui mtu huyo. Ila mkono wake
ningeupapasa gizani ningeutambua.

Ukurasa wa arobaini na sita unaishia hivi:
"Kabla ya kuzima mashine, usisahau kamwe"
Wa arobaini na nane unaanza:
"la sivyo kazi yote itapotea."

Katikati, tone la gundi kavu. Basi.

Miaka sita nimeutafuta.
Nimebisha hodi kwa wajane wa mafundi redio,
nimenusa vyumba vya chini, ukungu na viazi,
Jumamosi sokoni Bałuty nimenunua katoni nzima ya takataka
kwa ajili ya jalada moja.
Nyumbani nina vitabu mia mbili na kumi, nimevivika nailoni,
nimevichomoa pini zenye kutu,
maana kutu hula karatasi kimya kimya, kama riba.
Shemeji yangu hucheka: mashine hiyo
haina kumbukumbu ya kubeba hata picha moja ya paka!
Kweli. Ndiyo maana ilitubidi tukumbuke wenyewe.

Alhamisi simu ikalia.
"Wewe ndiye unayeokota karatasi?"
Bi Bogumiła Frątczak, miaka themanini na mmoja,
mshonaji wa kiwanda cha pamba, kabla hakijageuzwa maduka.
Akanipa chai kwenye glasi, kisha bahasha,
na ndani ya bahasha, kola.

Kola ya karatasi. Ya shati la mtoto.
Matundu ya pini yameuzunguka ukingo kama upele,
na katikati, hafifu, l zilizokatwa viuno.

"Gazeti huacha wino kwenye kitambaa cheupe," akasema.
"Nilihitaji karatasi safi, Komunyo ilikuwa Jumapili.
Droo ya Irek ilikuwa wazi.
Baada ya wiki akazima mashine yake, akalia hadi alfajiri.
Mimi nikadhani shati linambana."

Akazungusha kijiko ndani ya glasi isiyo na sukari.
Irek yuko Norway, anachomelea meli. Hapigi simu sana.
"Usiinyooshe kwa pasi," akaniambia mlangoni.

Usiku nimeiweka kola chini ya taa.
Onyo lenyewe limekwenda na mkasi.
Yaliyobaki: *kanda*. Chini yake: *mara mbili*.
Na pale kwenye ncha, ambapo kidevu cha mtoto kingegusa,
*kisha ngoja*.

Jagna amesimama nyuma yangu, bado ana taulo la vyombo.
Ameisoma. Hakusema sanduku la ngapi.
Alivuta kiti.

Nimechukua kadi ya orodha na penseli laini:
Ukurasa 47. Umepatikana.
Kwenye mstari wa hali ya karatasi nikakawia,
nikaandika *pungufu*, nikafuta.
Nikaandika: *umevaliwa*.